Sema: Nimepokea

Redio ilipochomoka kwenye dashibodi na kutua mkononi mwa Suhaimi, nyuma yake hapakuwa na waya hata mmoja.

Aliigeuza, akaipuliza vumbi. Matundu ya kuchomekea waya yalikuwa yamezibwa na utando wa buibui, utando mkavu wa miaka, na dakika tano tu kabla redio hiyo hiyo ilikuwa ikiimba. Niliisikia mwenyewe. Mimi ndiye Yam muuza chai, na hapa mjini Pasir Mas kati ya jiko langu na karakana ya Suhaimi pana ukuta wa bati tu. Ilikuwa inaimba wimbo wa zamani wa kubembelezea watoto, polepole, kama betri inaelekea kuisha.

"Kaka Deraman," Suhaimi aliita, "hii redio ulikuwa unaiwashaje?"

Deraman, kaka yake wa tumbo moja, alikuwa amekaa kwenye stuli mbele ya feni. "Unaniuliza mimi? Fundi nani hapa?"

"Haina waya."

"Umeivuta kwa pupa, umezikata. Unazeeka, Suhaimi. Nunua miwani."

Suhaimi akacheka, akaiweka ile redio rafuni, akainama tena ndani ya gari. Kaka akishasema, kwake limekwisha. Baba yao alikufa Suhaimi akiwa na miaka minane, na Deraman ndiye aliyemlisha, akamvisha, akamfundisha kushika bisibisi kabla hajajua kufunga kilemba. "Mikono hii ni ya kaka," Suhaimi alikuwa akituambia, akiinyoosha, yenye makovu ya pasi ya kulehemu. Tulichoka kulisikia neno hilo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Tangu askari waanze kuwakamata watu wanaoendesha huku wameshika simu, kila mwenye gari la kizamani anakuja kwa Suhaimi atolewe redio ya kaseti, awekewe yenye bluetooth, aongee mikono ikiwa kwenye usukani. Gari la Deraman lilikuwa Saga kuukuu ya rangi ya maziwa, ya marehemu baba yao. Suhaimi alitafuta waya wa njano unaotoka moja kwa moja kwenye betri, mwekundu unaofuata ufunguo, mweusi wa kwenda bodini. Akabandika maiki ndogo kama punje ya mahindi pembeni ya kioo cha mbele. Spika za nyuma hakuziunganisha bado. Alisema atazimalizia baada ya kujaribu.

Na kujaribu kwake kulijulikana. Siku zile Suhaimi hakuwa akikabidhi redio kwa mteja kabla hajaiunganisha kwanza na simu yake mwenyewe na kupiga nyumbani. Deraman alimfundisha hivyo tangu zamani: simu ya mteja usiiguse, jaribu kwa yako, ita kwako, ukisikika kwako umesikika kote. Mkewe Melah alikuwa amekwisha kujibu kutoka kwenye magari yote ya wilaya hii.

Simu ikamuuliza kama anakubali kuunganishwa. Akabonyeza. Akapiga.

"Unanisikia?"

"Nakusikia," sauti ya Melah ikajaa ndani ya gari.

"Nakusikia," ikasema sauti nyingine, kutoka spika za nyuma.

Suhaimi akageuka. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, na waya za spika zile zilikuwa bado zimeviringwa kwenye mfuko wa shati lake.

"Uko na nani?" Melah akauliza.

"Kaka tu."

Lakini Deraman hakuwa karakanani. Alikuwa amesimama kibandani kwangu na glasi ya chai hajainywa, ametega sikio upande wa bati.

Suhaimi alipotoka na ufunguo, Deraman hakuupokea. "Sitaki," alisema. "Gari nimekupa."

"Unanipa gari, kaka?"

"Melah atapanda pikipiki na tumbo lile mpaka lini? Mimba ya miezi saba, mjinga wewe. Miaka kumi na moja mmeitafuta, halafu mkaidondoshe kwenye mashimo ya barabara? Nimekupa gari hili na vyote vilivyomo. Sema."

Hapa kwetu kitu hakihami mkono kimya kimya. Hata fungu la samaki sokoni, mmoja husema "nimeuza" na mwingine "nimenunua". Ukipewa, anayekupa anasema "nimekupa", nawe unajibu "nimepokea", mnashikana mikono, na kitu kimekuwa chako. Mtoto akianza tu kuongea tunamfundisha neno hilo, na asipolisema tunamfinya sikio.

Suhaimi alilia, mtu mzima wa miaka arobaini. Akaukamata mkono wa kaka yake kwa mikono yake yote miwili, akauinamia. "Nimepokea," akasema.

Deraman alishusha pumzi ndefu, akaimaliza chai yangu iliyokwisha kupoa kwa mkupuo mmoja, akaondoka kwa miguu katika jua la saa saba. Hakuaga. Mimi nikasema moyoni, kaka wa namna hii ni mmoja kati ya elfu. Kumbe nilikuwa mpumbavu kuliko wote.

Kilichotangulia ni harufu. Ubani, na chini ya ubani kuku aliyebanikwa na manyoya yake. Suhaimi aliosha gari mara mbili, akatandika majani ya mpandani yanayonukia chini ya viti, harufu ikarudi. Siku ya tatu, alasiri, gari likiwa uani kwake ng'ambo ya reli na yeye yuko karakanani, simu ikalia.

"Nina njaa," Melah alisema.

"Si kuna wali? Kuna samaki."

"Sitaki samaki. Niletee kuku mzima. Na wali wa kunata, wa manjano."

"Haya mama, mwenye mimba hakatazwi." Akafunga kazi, akanunua, akaenda akipiga mluzi. Alimkuta Melah amelala fofofo, simu yake imezimika tangu asubuhi, haina chaji. Hakuwa amepiga kwa mtu yeyote. Suhaimi akatoa simu yake akaangalia nani aliyempigia, akakuta jina moja tu, Saga, na ufunguo wa Saga ulikuwa unaning'inia kwenye msumari wa jikoni, na milango ya gari ilikuwa imefungwa alivyoifunga mwenyewe, na alipokaribia akiwa na ule mfuko wa kuku mkononi, vioo vya gari, katika joto lile la kupasua kichwa, vilikuwa vimefanya ukungu kwa ndani, ukungu wa mtu anayepumua, na ukungu ule ukawa unafutika taratibu kwenye kioo cha nyuma, mahali padogo, duara, kama paji la uso limeegemea hapo likichungulia kuona ameleta nini.

Aliuacha ule mfuko juu ya boneti, akakimbilia ndani. Alipotoka baadaye mfuko ulikuwa umekunjwa vizuri. Ndani mlikuwa na mifupa.

Kesho yake aliisukuma Saga mpaka karakanani, mimi na kijana wa dobi tukimsaidia, maana hakutaka kukaa ndani. Akang'oa fyuzi. Akakata waya wa njano, akakata mwekundu, akatoa na betri. Kwenye simu akafuta jina la gari. Nikamwona anaitazama ile simu, anaifuta tena, anaitazama tena.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Inasema imeunganishwa, dada Yam."

Jioni ile niliwakosa kuku wangu watatu wa mayai. Tuliwakuta kiti cha nyuma cha Saga iliyofungwa, yaani tulikuta miguu na vishungi. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana mtu, lakini niliuona uso wa Suhaimi nikameza maneno. Na hapo, mbele yangu, redio isiyo na betri ikawaka taa yake ya buluu. Sauti ilikuwa ya mzee, ya taratibu, yenye adabu.

"Suhaimi," ikasema. "Aliye tumboni ananisikia pia. Nikiimba, anacheza."

Suhaimi alirukia pikipiki, akaenda moja kwa moja kwa kaka yake. Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe. Deraman alikuwa barazani, na alipomwona mdogo wake anapanda ngazi, akaficha mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Usinipe mkono," alisema.

"Kaka, umenipa nini?"

"Gari."

"Kaka!"

Deraman akakaa chini. Alikuwa amenenepa mashavu katika siku nne, amelala usingizi, alionekana. "Ni kile cha babu," akasema. "Saka, jini la ukoo. Babu alimpa baba, baba akanipa mimi ndani ya gari lile lile. Miaka thelathini na miwili nimekilisha. Sasa daktari ananiambia figo zimekwisha. Nikifa sijampa mtu, kitajichagulia chenyewe, na kitachagua mmoja katika wanangu."

"Na mimi ni nani? Nani aliyenilea, kaka?"

"Mimi."

"Basi?"

"Basi nilijua unajaribu redio kwa simu yako." Alisema bila kumtazama. "Nilikufundisha mwenyewe. Hakihami mpaka kikusikie ukiita kwako, na kwako waitikie. Zamani tulikuwa tunahangaika, mara uite mlangoni, mara utume mjumbe. Redio ile imerahisisha."

Suhaimi aliniambia kwamba neno hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Angeweza kumsamehe mtu aliyeogopea wanawe. Lakini kuchukua somo alilompa mdogo wake akiwa mtoto, naye akatembea nalo maisha yake yote kama zawadi, na kulifanya tundu la kupitishia kitu kile!

"Melah ana mimba," alisema. "Ulijua ana mimba, kaka, na bado ukanipa."

Deraman akainuka, akaingia ndani. Mlango ulipokuwa unafungwa ndipo akasema, "Usinilaumu mimi peke yangu."

Suhaimi hakulielewa neno lile. Alirudi akakaa kibandani kwangu, mikono yake iko mezani, anaiangalia kama ya mtu mwingine. Nilimmiminia chai, ikapoa mbele yake.

Ijumaa asubuhi akaja Ustadhi Pauzi. Msimfikirie mzee mwenye tasbihi ya kujionyesha. Ni mtu mkavu mwembamba anayefanya biashara ya nyati, na akisoma kisomo cha kufukuza majini anasoma kama anayekagua mnyama kabla ya kumlipia. Alizunguka Saga mara moja, akanusa, akamwuliza Suhaimi, "Alikueleza kilichomo?"

"Alisema 'na vyote vilivyomo'. Hakueleza."

"Basi tumempata. Kitu kikitolewa na kasoro imefichwa, aliyepokea ana haki ya kukirudisha. Ndiyo sheria ya sokoni, na majini nayo yanafungwa na mapatano. Ingia, weka mkono juu ya hiyo redio, useme 'nimerudisha' mara tatu. Mara tatu tu, umekwisha. Mkeo awepo, maana kwake nako kiliitikiwa."

Melah nilimkalisha kwenye benchi langu, nikamshika. Hakumtazama mumewe hata mara moja, nami nikadhani ni woga wa kawaida. Ustadhi akaanza kusoma, sauti yake haikupanda wala kushuka. Harufu ya manyoya ikatanda mpaka jikoni kwangu, maziwa yakakatika kwenye sufuria. Taa ya buluu ikawaka.

"Ustadhi," ile sauti ya adabu ikasema, "kasoro iliyofichwa ni ipi? Mimi sikufichwa. Nyumba yake ilijua."

"Muongo wewe," Ustadhi akasema, akaendelea kusoma.

"Sikilizeni basi."

Na kutoka kwenye zile spika, za mbele na za nyuma, ikatoka mvua, mvua ya kupiga juu ya bati la gari, na vifuta kioo vinakwenda na kurudi, na katikati ya mvua hiyo sauti ya Deraman ikisema, Una uhakika, shemeji? Ukikubali hakuna kurudi nyuma, na ikafuata sauti ya mwanamke anayelia, tena hakuna mtu pale uani ambaye hakuijua sauti hiyo, maana ilikuwa imekwisha kujibu kutoka kwenye magari yetu sote: Miaka kumi na moja, shemeji. Wananiita gogo. Kiambie kinipe mtoto, kisha mpe Suhaimi hicho unachotaka kumpa. Na Deraman: Ataniuliza. Na yule mwanamke: Hatakuuliza. Yeye anaamini kila mtu, ndiyo maana nasema umpe yeye.

Mvua ikakatika. Hata wapita njia walikuwa wamesimama.

Suhaimi alitoa kichwa mlangoni mwa gari. "Melah," alisema, kwa upole kabisa. "Sema hiki kitu kinaongopa."

Kucha za Melah zilikuwa zimenizama mkononi. 

"Sema, mke wangu. Hata ukinidanganya, nitakubali."

"Nilijua kitakuja kitu," Melah akasema. "Sikujua kitakuja namna hii. Kila siku nilitaka kukuambia, Suhaimi, halafu akacheza tumboni, nikashindwa."

Lo, uso ule! Nimewahi kuona watu wakipewa habari za msiba, lakini msiba una kilio chake. Yeye alikaa tu, anatikisa kichwa kidogo kidogo, kama anahesabu mara zote alizopiga nyumbani akauliza unanisikia.

"Haidhuru!" Ustadhi akakemea. "Aliyepokea ni wewe, na wewe hukujua. Rudisha!"

"Nikirudi," redio ikasema, "narudi na changu."

"Hana chake! Mtoto ni wa Mungu, hakuna jini lililowahi kumpa mtu mtoto. Linakutisha. Sema!"

Suhaimi akaweka kiganja juu ya redio. "Nimerudisha," akasema. Gari lote likatetemeka. "Nimerudisha." Taa ya buluu ikafifia, na harufu ikapungua, wallahi ikapungua, nikavuta hewa safi.

"Amenyamaza," Melah akasema.

"Nani?"

"Mtoto. Hachezi. Suhaimi, hachezi!"

Nikaweka mkono tumboni. Palikuwa pagumu, pametulia, pakimya. Nimezaa watano mimi, najua mkono wangu ulichogusa.

"Hila!" Ustadhi akapaza sauti kwa mara ya kwanza. "Limebaki neno moja tu! Usimsikilize, sema la tatu!"

Suhaimi alimtazama mkewe. Hasira ilikuwapo, sitaificha, ilikuwa nyingi ya kutosha kumwacha pale pale na kwenda zake. Angesema neno lile angekuwa huru, na hakuna mtu mtaani ambaye angemlaumu. Macho yake yakashuka mpaka kwenye mkono wangu, juu ya lile tumbo. 

"Nimepokea," akasema. "Na vyote vilivyomo."

"Asante," redio ikajibu. Chini ya kiganja changu mtoto akapiga teke.

Ustadhi Pauzi alikunja mkeka wake, hakunywa hata maji. "Lilikuwa linaongopa," aliniambia akipanda gari lake. "Angemaliza angeona. Lilikuwa linaongopa tu." Aliyarudia hayo mara mbili, na mara ya pili nilimwona hana hakika.

Deraman alikufa kabla ya mwaka kwisha, usingizini, wanawe watatu wazima wamemzunguka. Suhaimi alichimba kaburi, akabeba jeneza, akarudi kazini. Bado anafunga redio, lakini sasa anajaribu kwa simu ya mteja. Kila Alhamisi anaweka kuku mzima na wali wa manjano kiti cha nyuma cha Saga, iliyoegeshwa nyuma ya karakana bila betri, bila waya. Yeye na Melah wanaishi nyumba moja. Anamjibu akiulizwa, anamletea dawa akiugua. Lakini jina lake sijamsikia akilitaja tena, anamwita mama Suraya, kama watu wasiojuana sana.

Suraya ana miaka mitano. Mtoto mzuri, mnene, mcheshi, na mtaa mzima unamsema hana adabu, kwa sababu ukimpa kitu hasemi "nimepokea". Hasemi chochote. Baba yake amemkataza neno hilo tangu alipojua kuongea, asije siku moja akakipokea kile kilichomo ndani ya Saga, na watu wanaotaka kumfinya sikio mimi huwafukuza.

Juzi alikuja kibandani peke yake baada ya alasiri. Nikampa kipande cha akok, keki yetu ya mayai, bado cha moto, mayai yananukia. "Nimekupa," nikasema, mazoea tu, ulimi ulinitangulia. Akakishika kwa mikono yote miwili, akabana midomo kama alivyofundishwa.

Nyuma ya bati redio ya Saga ikawaka. Nilisikia ule mlio wake mdogo wa kuunganika. Kisha sauti ya Suraya mwenyewe, nyembamba, yenye adabu zote za mtoto aliyelelewa vizuri, ikasema, "Nimepokea, bibi."

Mtoto alinitazama. Midomo yake ilikuwa bado imebanwa.